Mlio huu ni wa nani? Kuipa kila programu sauti yake kwenye kompyuta ya nyumbani

Swali: Msomaji wa Tanga, anayefanya kazi ya kupiga chapa na kutafsiri nyaraka akiwa nyumbani, anaeleza kwamba laptop yake ya Windows 11 hulia mlio uleule, au unaofanana mno, iwe imeingia barua pepe ya mteja, ujumbe wa kundi la harusi kwenye WhatsApp, au kisanduku cha kosa katika Word. Akiwa jikoni au uani hawezi kujua kama kuna jambo la kumrudisha mezani. Anauliza kama anaweza kuipa kila programu mlio wake, na kama anaweza kutumia sauti alizozirekodi mwenyewe. Anaongeza kwamba jioni watoto hutumia mashine hiyohiyo, na kwamba umeme ukikatika hana habari mpaka aikute laptop imezimika.

Jibu: Dada, hilo linawezekana kwa sehemu kubwa, lakini hakuna kitufe kimoja cha kulimaliza, kwa sababu mlio unaousikia mara nyingi hautolewi na programu unayoidhania. Programu nyingi zinazotumika kwenye Windows hazibebi sauti zake zenyewe. Inapofika hatua ya kukuonya, programu huiambia Windows ifungue kisanduku chenye alama fulani, labda ya taarifa, ya onyo au ya kosa kubwa, na Windows hutazama katika orodha yake ni faili gani la sauti limepangiwa alama hiyo, kisha hulipiga. Ndiyo maana programu ya hesabu, programu ya kuandika na programu ya kuskani, ambazo zimetengenezwa na watu wasiojuana kabisa, hulia kwa namna moja. Nyingine hupitisha ujumbe wao kwenye mfumo wa arifa, ambao nao una mlio wake. Zipo pia chache zinazopiga sauti zao wenyewe bila kuishirikisha Windows, na hizo hubadilishwa ndani ya programu yenyewe tu. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, mtambue kwanza mwenye mlio. Watu wengi wanaolalamika kwamba wamebadili sauti na haikubadilika huwa wamebadili sauti ya mwingine.

Kumtambua si kazi ngumu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika sndvol, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye vidhibiti vya sauti vilivyopangwa safu kwa safu, kimoja kwa kila programu inayotumia spika kwa wakati huo, pamoja na kimoja kilichoandikwa "System Sounds". Liache dirisha hilo wazi, jitumie barua pepe kutoka kwenye simu au mwombe mtu akutumie ujumbe, na uangalie ni safu ipi inayopanda rangi ya kijani mlio unapotoka. Ikipanda ile ya "System Sounds", mlio huo umetoka kwenye orodha ya Windows na utaubadilisha huko. Ikipanda safu yenye jina la programu, basi sauti ni ya programu yenyewe, na hata ukiigeuza Windows juu chini hutaipata. Kipimo hiki huchukua dakika moja na huokoa jioni nzima.

Tuanze na orodha ya Windows, kwa kuwa ndiyo yenye mambo mengi. Bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl, kisha uchague kichupo cha "Sounds". Unaweza pia kufika hapo kupitia "Settings", halafu "Personalization", "Themes" na "Sounds". Nayataja majina haya kama yanavyoonekana kwenye skrini zilizo nyingi. Kama umeiweka Windows yako katika Kiswahili, baadhi yake utayakuta yamefasiriwa, lakini mahali ni palepale. Utaona sanduku la "Program Events" lenye orodha ndefu ya matukio, na kila tukio lenye sauti lina alama ndogo ya spika pembeni. Bofya tukio moja, bonyeza "Test" usikie lilivyo sasa, kisha chagua sauti nyingine kwenye menyu iliyo chini au bonyeza "Browse" utafute faili lako mwenyewe. Usipotaka tukio hilo lilie kabisa, chagua "(None)", ambalo ni chaguo la kwanza la menyu hiyo.

Katika orodha hiyo usihangaike na kila mstari, kwa sababu mingi haina kazi kwako: kufungua menyu, kupunguza dirisha, faksi mpya, na kadhalika. Inayokuhusu ni michache. "Asterisk" ni mlio wa taarifa ya kawaida, "Exclamation" ni wa onyo, "Critical Stop" ni wa kosa kubwa lililosimamisha kazi, na "Default Beep" ni ule unaolia ukibofya mahali pasipoitikia, kwa mfano nje ya kisanduku ambacho hujakijibu. "Notification" ni mlio wa arifa kwa jumla. "Desktop Mail Notification" na "New Mail Notification" ni ya barua pepe. "Low Battery Alarm" na "Critical Battery Alarm" ni ya betri, nami nitairudia hapo mbele. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani, maoni yangu ni kwamba "Asterisk" na "Default Beep" zinastahili kunyamazishwa au kupewa mlio hafifu sana, kwa sababu zinapolia wewe mwenyewe umeshakaa mbele ya skrini na macho yamekwisha kuona. Mlio una thamani unapokueleza jambo usiloliona.

Ukimaliza kubadili, utagundua kwamba jina la mpango wa sauti ("Sound Scheme") lililo juu ya orodha limeongezewa neno la kuonyesha kuwa umerekebishwa. Hapo usifunge dirisha kwa haraka; bonyeza "Save As" na uupe mpango wako jina, tuseme "Kazi". Usipofanya hivyo, siku utakapobadili mandhari ya Windows ili tu upate picha mpya ya kwenye skrini, mandhari hiyo itakuja na mpango wake wa sauti na kuifuta kazi yako yote. Mpango uliohifadhiwa kwa jina unaweza kuurudisha kwa kubofya mara moja.

Kwa wenye kupenda historia, faili za chimes, chord, ding na tada ambazo utazikuta katika folda ya C:\Windows\Media zina majina yaliyokuwapo tangu Windows 3.1 ya mwaka 1992. Mlio wa kuwashia Windows 95 ulitungwa na mwanamuziki Brian Eno wa Uingereza. Windows 8 ilipotoka, mlio wa kuwaka ukaondolewa kwenye mpangilio wa kawaida, na Windows 11 ikaurudisha mwaka 2021, hivyo kama unakukera usiku watoto wakiwa wamelala, ondoa alama kwenye kisanduku cha "Play Windows Startup sound" kilicho katika dirisha hilohilo.

Sasa arifa, yaani vile visanduku vinavyochomoza kwenye kona ya chini ya skrini. Hapa ndipo penye jibu lisilopendeza: mahali pa kupangia arifa katika Windows hapakuruhusu kuchagua faili moja la sauti kwa ajili ya WhatsApp na jingine kwa ajili ya kalenda. Fungua "Settings", "System", kisha "Notifications", ushuke hadi kwenye orodha ya programu, ubofye jina la programu unayoitaka. Ndani yake utakuta swichi ya "Play a sound when a notification arrives", nayo ni ya kuwasha au kuzima tu. Sauti yenyewe hutoka kwenye tukio la "Notification" tulilokwisha kuliona, isipokuwa kama mtengenezaji wa programu ameomba ipigwe mojawapo ya sauti nyingine za mfumo, kama vile ya barua, ya ujumbe au ya kikumbusho. Kwa hiyo njia yenye tija ni kuanza kwa kunyamazisha. Pitia orodha hiyo na uzime sauti ya kila programu ambayo arifa yake haijawahi kukunyanyua kitini: duka la programu, matangazo ya mfumo, habari za hali ya hewa, programu za watoto. Zikibaki moja au mbili tu zinazoruhusiwa kulia kwa njia ya arifa, mlio wa "Notification" wenyewe unakuwa umeshapata mwenyewe, na huhitaji tena kuugawa.

Usichanganye swichi hiyo na ile ya "Do not disturb", ambayo huzuia arifa zote kwa pamoja na inaweza kuwaka yenyewe unapocheza mchezo, unapotumia programu iliyojaza skrini nzima au unapoonyesha skrini yako kwenye projekta. Mtu akiniambia kuwa milio yake ilikuwa ikifanya kazi jana na leo imekufa, huko ndiko ninakotazama kwanza.

Barua pepe ndiyo yenye nafasi pana kuliko zote, na kwa kuwa wateja wako wanakufikia kwa njia hiyo, nitakaa hapa kidogo. Kama unatumia Outlook ya zamani, ile inayokuja na Office, nenda "File", "Options", "Mail", na katika sehemu ya kupokea ujumbe utakuta kisanduku cha kupiga sauti. Kisanduku hicho hutumia mlio uliopangwa katika orodha ya Windows, na kwa kuwa matoleo yametofautiana juu ya mstari upi unaotumika, ipe mistari yote miwili ya barua niliyoitaja mlio mmoja. Lakini Outlook hiyo ina kitu bora zaidi, nacho ni kanuni za barua. Bofya kwa kitufe cha kulia barua iliyotoka kwa mteja unayemjali, chagua "Rules", kisha "Create Rule", weka alama mbele ya jina la mtumaji, weka alama kwenye "Play a selected sound", na uchague faili lako. Kuanzia hapo barua ya mteja huyo italia kwa sauti yake mwenyewe. Unaweza kufanya hivyo kwa neno lililo katika kichwa cha barua pia, na kama wateja wako wote hukuandikia kwa anwani moja ya kazi, kanuni moja inatosha. Ukishaweka kanuni, ondoa alama kwenye kile kisanduku cha sauti ya jumla, la sivyo barua ya mteja itaweza kulia milio miwili na matangazo ya maduka yataendelea kulia kama kawaida. Kumbuka kwamba kanuni ya sauti hutekelezwa na Outlook iliyo kwenye mashine yako, hivyo haitafanya kazi Outlook ikiwa imefungwa.

Outlook mpya, ile ambayo Windows 11 inakuhimiza uhamie, haina kanuni ya namna hiyo, kwa sababu kanuni zake hutekelezwa kwenye seva, na seva haiwezi kupiga spika za nyumbani kwako. Ina swichi ya kulia au kutolia, basi. Kama mlio wa kila mteja ni muhimu kwako, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kubaki na ile ya zamani maadamu unayo. Mwenye Thunderbird, ambayo ni programu ya bure ya barua pepe, ataenda kwenye mipangilio yake ya jumla, sehemu ya barua zinazoingia, na huko ataweza kuchagua faili lake la sauti badala ya ile ya mfumo. Kwa kuwa sauti hiyo inapigwa na Thunderbird yenyewe, haitagongana na chochote ulichopanga kwenye orodha ya Windows.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ina mipangilio yake ya arifa na sauti ndani ya programu, na sura yake imebadilika kutoka toleo hadi toleo, hivyo tazama kile ulicho nacho. La maana zaidi ni kulinyamazisha kundi la harusi ndani ya WhatsApp kwenyewe, ili ujumbe wa mtu mmojammoja ubaki ukilia na mia moja za "amina" zipite kimya. Kivinjari nacho kina mambo yake: tovuti uliyoiruhusu bila kufikiri kukutumia arifa italia kila saa kwa mlio uleule wa "Notification", na dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, na kuiondolea ruhusa hiyo. Kama Word hutoa vimlio kila unapofuta au kubandika, fungua "File", "Options", "Accessibility", ukaondoe alama kwenye "Provide feedback with sound".

Kuhusu sauti za kurekodi mwenyewe, jibu ni ndiyo, na kwa kweli nakushauri ufanye hivyo, kwa kuwa sauti ya mtu ikisema "barua ya mteja" haihitaji kukaririwa na yeyote. Sharti lake moja ni kwamba orodha ya Windows inakubali mafaili ya WAV peke yake. Sauti ya MP3 haikubaliwi, wala ya M4A inayotoka kwenye simu nyingi, wala ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao ni OGG. Kubadili tu herufi za mwisho za jina la faili hakuligeuzi. Ni jina lililobadilika, na ukibonyeza "Test" utaambiwa faili hilo halifai. Kinasa sauti cha Windows 11 kina mpangilio wa kuchagua aina ya faili, na WAV imo, hivyo ukirekodi kwa laptop yenyewe unaweza kumaliza kazi hapohapo. Ukirekodi kwa simu, lihamishie faili kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri sauti (kwa M4A itakudai uiongezee FFmpeg, nyongeza ya kusomea mafaili ya aina hiyo), kisha ulitoe kama WAV ya PCM ya biti 16.

Ukiwa ndani ya Audacity, fanya mambo machache zaidi. Kata kimya kilicho mwanzoni, kile cha kati ya kubonyeza kitufe na kuanza kusema, kwa kuwa mlio unaochelewa sekunde nzima huonekana kama hitilafu. Fupisha: sekunde moja hadi tatu zinatosha. Tumia "Normalize" kwa mafaili yako yote kwa kiwango kimoja ili pasiwe na moja linalonong'ona na jingine linaloshtua, halafu uyasikilize mfululizo, kwa maana sikio lako ndilo lenye neno la mwisho kuliko namba. Ukubwa wa faili usikutie wasiwasi. WAV ya stereo ya sampuli 44,100 kwa sekunde huchukua baiti 176,400 kila sekunde, yaani mlio wa sekunde tatu ni kama nusu megabaiti, na ukiurekodi kwa chaneli moja ni nusu ya hapo.

Kuna hali moja ambayo inapingana na ushauri wa kukata kimya cha mwanzoni. Kama laptop yako imeunganishwa na spika au hedifoni za Bluetooth, kifaa hicho huweza kulala pasipokuwa na sauti, na kinapoamshwa humeza mwanzo wa mlio, hivyo badala ya "barua ya mteja" unasikia "teja" tu. Hapo ongeza nusu sekunde ya kimya mwanzoni mwa faili kwa kutumia menyu ya "Generate" na "Silence". Spika ikimeza kile kimya, haikupunguzii kitu.

Mahali pa kuyaweka mafaili pia pana umuhimu wake. Windows hainakili faili unalolichagua. Hukumbuka tu njia ya kulifikia. Ukilichagua likiwa kwenye flashi au kwenye folda ya vitu ulivyopakua, siku flashi ikichomolewa au folda ikisafishwa tukio hilo litanyamaza bila kukuambia kwa nini. Tengeneza folda ya kudumu, tuseme C:\Sauti, uyaweke yote humo kabla ya kuyapanga. Folda ya C:\Windows\Media nayo ingefaa, lakini kuweka kitu humo kunadai ruhusa ya msimamizi, na sioni faida ya usumbufu huo.

Kwa kuwa unasikilizia kutoka jikoni, chagua sauti kwa kufikiria ukuta na mvuke wa sufuria, si kwa kuipenda ukiwa umekaa mbele ya mashine. Spika ndogo za laptop ni dhaifu kwenye sauti nzito, hivyo mlio wa ngoma unaopendeza kwenye hedifoni hautafika uani. Sauti nyembamba sana nazo huzuiwa na mlango na ndizo za kwanza kutosikika kadiri umri unavyosogea. Sauti ya kadiri ya katikati, karibu na ile ya mtu anayeita, hufika vizuri. Tena tofautisha milio kwa mapigo kuliko kwa wembamba na unene wa sauti: mapigo mawili ya haraka na pigo moja refu havichanganyiki hata kukiwa na redio, lakini noti mbili zinazokaribiana huchanganyika. Milio minne inatosha nyumba nzima: ya mteja, ya ujumbe, ya kosa, na ya umeme. Ukiongeza zaidi ya hapo utaanza kusimama na kujiuliza huo ulikuwa wa nini, na tutakuwa tumerudi kwenye tatizo lako la mwanzo. Kwenye barua ya mteja usirekodi jina lake, kwa sababu siku utakapokuwa kwenye mkutano wa video, maikrofoni yako italinasa na mteja mwingine atalisikia.

Nikiwa kwenye mikutano hiyo, nitaje kichupo cha mwisho cha dirisha la mmsys.cpl, kiitwacho "Communications". Windows inapotambua kuwa umo kwenye mazungumzo ya sauti, kwa kawaida hupunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80, na baadhi ya watu hudhani milio yao imeharibika kumbe imepunguzwa. Ukitaka isipunguzwe, chagua "Do nothing".

Lililobaki kubwa ni umeme. Hatua rahisi ni ya betri. Katika "Control Panel", ingia "Power Options", ufungue mipangilio ya kina, na chini ya "Battery" utakuta kiwango cha betri ndogo, ambacho kwa kawaida huwa asilimia 10. Kipandishe hadi 25 au 30, hakikisha taarifa yake imewashwa, kisha upange sauti kali kwenye "Low Battery Alarm". Hivyo utapata onyo ukiwa bado na muda wa kumaliza ukurasa na kuhifadhi.

Kama unataka kujua sekunde ileile umeme unapokatika, orodha ya sauti haina tukio la namna hiyo, lakini Windows huandika katika kumbukumbu zake kila laptop inapohama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri au kinyume chake, na Task Scheduler, programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe, inaweza kusikiliza kumbukumbu hizo. Ifungue, chagua "Create Task", na kwenye kichupo cha "Triggers" uunde kianzishi cha "On an event", chenye kumbukumbu ya "System", chanzo "Kernel-Power" na namba 105. Kwenye "Actions" andika powershell.exe, yaani PowerShell, programu ya Windows ya kuendesha amri, kama programu ya kuanzishwa, na katika nafasi ya maelezo ya ziada uandike:

-WindowStyle Hidden -Command "(New-Object Media.SoundPlayer 'C:\Sauti\umeme.wav').PlaySync()"

Neno PlaySync liandikwe hivyohivyo, kwa sababu ukiandika Play peke yake PowerShell itajifunga kabla sauti haijatoka. Halafu kuna mitego miwili. Kwenye kichupo cha "Conditions", Windows huweka yenyewe alama ya kwamba kazi ianze tu ikiwa kompyuta iko kwenye umeme, jambo ambalo kwa shughuli hii ni kichekesho, iondoe. Na kwenye kichupo cha kwanza, acha chaguo la kuendesha kazi mtumiaji akiwa ameingia tu, kwa kuwa lile jingine huiendesha mahali ambapo spika hazifikiwi. Jaribu kwa kuchomoa waya wa chaji: mlio unapaswa kutoka, na utatoka tena ukiurudisha, kwa vile tukio la 105 huandikwa pande zote mbili. Mimi naona hilo ni faida, kwani utajua pia umeme umerudi. Mlio huo hautalia laptop ikiwa imelala, kwa hiyo ongeza muda wa kulala kama huwa unaiacha kwa muda mrefu.

Kuhusu watoto, mipango yote ya sauti huhifadhiwa kwa kila mtumiaji peke yake, isipokuwa ule mlio wa kuwaka ambao ni wa mashine nzima. Wafungulie akaunti yao, uichagulie mpango wa "No Sounds" au wachague wapendavyo, na ya kwako haitaguswa. Na kabla hujampa fundi laptop kwa ajili ya kusafishwa au kuwekewa Windows upya, fungua dirisha la amri ("Command Prompt") na uandike:

reg export HKCU\AppEvents "%USERPROFILE%\Documents\milio.reg"

Faili hilo linabeba mpangilio wa orodha nzima ya matukio, lakini halibebi sauti zenyewe, wala kanuni za Outlook, wala kazi ya Task Scheduler, ambayo ina amri yake ya "Export" humohumo ndani. Linakili pamoja na folda ya C:\Sauti kwenye flashi. Mashine ikirudi, irudishe kwanza folda hiyo mahali palepale, ndipo ubofye milio.reg mara mbili. Ukitoka kwenye akaunti yako na kuingia tena, orodha itakuwa kama ulivyoiacha.